Surat ya Mume Wangu

Mimi nina wivu, na sijawahi kuuficha. Kwa hiyo asije mtu akaniambia, "Mwanasiti, ulizidisha." Ungekuwa wewe, mume wako anatoka kiwandani Saltley, anashuka basi, na badala ya kuingia kwako anagonga mlango wa jirani, ungefanya nini? Ungepika chai ukamsubiri? Haya, mimi nilipika chai, kisha nikaimwaga.

Jirani mwenyewe aliitwa Raksha. Alifika mtaani kwetu Sparkhill, Birmingham, mwezi wa Oktoba, mwaka wa sabini na mbili, Wahindi walipofukuzwa Uganda. Mjane, masanduku mawili, na mama mkwe asiyesikia vizuri. Nilimpokea vizuri, Mungu ni shahidi yangu. Nilimpelekea blanketi, nikamwonyesha duka la unga na dengu barabara ya Stratford. Kiswahili chake cha Jinja, changu cha Mombasa, tukawa tunachekana. Kosa langu lilikuwa kumkaribisha chakula. Pale mezani akasema yeye ni mzaliwa wa Surat, kule India, Jinja alipelekwa na ndoa, na mume wangu Idarous akaweka kijiko chini.

"Surat upande gani wa mto?" akauliza.

Basi. Kuanzia hapo sikuwa na mume, nilikuwa na mpangaji.

Idarous alikuwa baharia kabla hajanioa. Meli yake ilimwacha hospitali Bombay, na alipopona akaenda mji wa Surat kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo, akakaa miaka miwili. Ndiyo hayo tu aliyoniambia, kwa maneno machache hivyohivyo. Miaka kumi na saba ya ndoa, watoto wawili tuliowaacha Mombasa kwa mama yangu wasome, na sijapata kumsikia akiusifia mji huo hata siku moja. Sasa mdomo umefunguka, haufungiki.

Ati mto Tapi asubuhi ya baridi, ukungu juu ya maji na ng'ambo huioni. Ati ufuo wa Dumas, mchanga wake mweusi, watu wanatoka Jumapili na watoto na vikapu, wanakula bhajia za nyanya zinazounguza ulimi. Ati mtama mbichi unaochomwa kwenye majivu, ukapigwa kwa fimbo mpaka punje za kijani zikatoka, wakala na chevda ya pilipili na ndimu palepale kando ya shamba. Ati kuna sikukuu mji mzima unatandika mikeka barabarani kula vitamu vilivyojaa samli. Raksha anauliza, "Nyinyi mlikuwa mnanunua kwa nani?" na mume wangu anajua jina la duka! Halafu wanacheka, na mimi nimesimama na sinia mkononi kama mpishi wa kukodi.

Ijumaa moja nilimpikia mbaazi za nazi. Unajua kazi ya kupata nazi Birmingham miaka ile? Alikula nusu, akasema, "Zinafaa." Zinafaa! Mbaazi zangu, zilizomfanya aje kuniposa mara mbili, leo zinafaa, kama viatu.

"Unamtaka?" nilimwuliza waziwazi.

"Nani?"

"Usijitie ujinga, Idarous."

Akacheka. "Mwanasiti, tunaongea habari za mji tu."

"Huo mji ndio unaovaa sari?"

Akachukua koti lake, akatoka. Roho iliniuma mpaka nikakaa ngazini nikalia kwa sauti. Nilimpenda mume wangu, na nilikuwa namwona anavyoondoka, kila jioni nyumba moja tu mbali nami.

Mwezi wa Januari Raksha akaja mwenyewe mlangoni. "Dada Mwanasiti, Jumapili hii tarehe kumi na nne ni sikukuu yetu ya kurusha tiara. Surat siku hiyo hakuna mtu anabaki chini, wote wako juu ya paa. Hapa paa la kusimama hakuna. Twende ile milima ya Lickey, mimi na wewe na Idarous bhai."

Bhai, kaka, ati! Nikakubali upesi. Bora waongee mbele ya macho yangu. Ila niliapa moyoni kwamba siku hiyo chakula cha Surat kitatoka jikoni kwangu, siyo kwake.

Nilikwenda kwa Chhotubhai, mzee wa duka, nikamwambia anifundishe undhiyu, chakula cha sikukuu hiyo. Akanitajia viazi vikuu, bilingani ndogondogo, ndizi mbichi, maharage ya kijani, na vidonge vya unga wa dengu na majani ya uwatu. Akasema wenyewe hasa hukiziba chungu, wakakizika kichwa chini, na moto ukawashwa juu yake. Mtu mwingine angepikia sufuria. Mimi niliazima koleo, nikachimba shimo uani karibu na choo, nikawasha moto. Moshi ukajaa mtaa mzima. Mzungu wa nyuma akafungua dirisha akaniuliza nimemzika nani. Nikamwambia bado, subiri.

Jumapili tukapanda basi mpaka mwisho wa njia, Rednal, tukapanda kilima kwa miguu. Sitasema uongo, pazuri. Misonobari imesimama kimya, nyasi zina barafu nyembamba zinalia chini ya kiatu, na Birmingham yote iko chini, mabomba ya viwanda yakitoa moshi. Familia za Kizungu zilikuwa zinatembeza mbwa, zikatutazama sisi watatu tuliotandika mkeka kwenye baridi ile kama tumerukwa na akili.

Nikafunua chungu. Idarous akamega, akatia mdomoni, akafumba macho.

"Nani kapika?"

"Mimi."

"Wewe!" Akanitazama usoni. "Umepatia, Mwanasiti. Wallahi umepatia." Akaongeza, akaongeza tena. Raksha naye akalamba vidole akasema hata mama yake hakukipika vile. Nikamwona Raksha ni mtu mzuri sana siku ile. Nikawamiminia chai nikijua nimeshinda.

Raksha akatoa tiara aliyoitengeneza mwenyewe, karatasi nyekundu na vijiti vya mwanzi. Uzi aliuzungushia kifimbo chake cha kusukumia chapati. Idarous akaishika, akaipimia upepo, akaiachia, na ile tiara ikapanda mara moja. Sijapata kumwona mume wangu amesimama vile, kifua mbele, anacheka peke yake. Raksha akawa anashika kile kifimbo nyuma yake, kinazunguka mikononi, uzi unatoka.

Mara akaniita. "Dada, njoo ushike wewe. Siyo vizuri mimi kushika."

"Kwa nini?" nikauliza. "Kwetu Kibokoni mtoto anarusha tiara peke yake, uzi kauzungushia kopo."

"Surat hapana. Mwanamume anatazama juu, kwa uzi wake anakata tiara za wenzake, hawezi kushika uzi wote. Nyuma anasimama mke wake. Hana mke, basi dada yake. Mtu baki hapewi." Akacheka. "Muulize Idarous bhai. Yeye anasema mwaka mmoja alishinda siku mbili juu ya paa, alikata tiara kumi na nne."

Nikakipokea kifimbo. Uzi ulikuwa unavuta kama mtu mzima yuko upande wa pili. Na hapohapo likanijia. Idarous hana dada. Surat alikwenda peke yake. Halafu yale yote ya vikapu, Jumapili, mlikuwa mnanunua kwa nani. Baharia aliyeachwa na meli anakwenda ufuoni na kikapu?

"Idarous," nikasema. "Siku mbili juu ya paa, nani alikushikia uzi?"

Hakugeuka. Alikuwa anatazama juu.

"Mke wangu," akasema.

Miaka kumi na saba mimi ni Mwanasiti, ni mama watoto, ni huyu wa nyumbani. Neno hilo sikupata kulisikia kinywani mwake, na sasa limetoka laini, na si langu. Raksha akashika mdomo. "Dada, mimi nilidhani unajua," akasema, akaenda zake kwenye misonobari.

"Jina lake?"

"Hafsabai. Tulikaa miezi kumi na sita. Homa ya masika ikamchukua."

"Na hukuniambia."

"Nilipokuja kuposa, ulisema hutaki mume aliyekwisha kuwa na mke. Ulisema huli makombo. Nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka hata jina la mtaa nikawa sina wa kumtajia, mpaka alipokuja huyu Raksha."

Kweli nilisema hivyo, na siku ile pale kilimani ningesema tena. Raksha ningemfanya nini, ningemfukuza mlangoni, ningemtukana, ningempita kwa upishi. Huyu nitamkuta wapi? Amelala Surat na ujana wake, hazeeki, hagombani, mbaazi hazimharibikii. Na chakula chake nimempikia mume wangu kwa mikono yangu, nikachimba na shimo.

Idarous alikuwa bado ananipa mgongo. Tiara ilivuta, kifimbo kikataka kuzunguka mikononi mwangu, nikakibana.

"Legeza, Mwanasiti," akasema taratibu. "Inataka kupanda."

"Yeye alikuwa akilegeza?"

"Alikuwa akilegeza."

"Mimi silegezi."

"Uzi utakatika."

"Ukatike," nikamwambia, na machozi yalikuwa yananitiririka kwenye ile baridi, nimekikumbatia kile kifimbo kifuani, mpaka ikambidi ageuke anitazame.