Weka Picha Yako Hapa

Uso wa marehemu mkewe ulitoka mashineni ukiwa bado na joto. Ukafuata mwingine, na mwingine, nyuso zote zikicheka kicheko kilekile cha mtu aliyepigwa picha kabla hajawa tayari. Mchapaji alijua papo hapo kwamba oda ile ilikuwa na kosa. Mkono wake ulikuwa karibu na kitufe cha kuzimia, lakini haukwenda.

Walipofungua duka lao la mtandaoni, walihitaji picha ya mfano kwenye jalada la kalenda, mteja aone mahali pa kuweka yake. Mkewe alifuta wino mikononi, akasimama mbele ya ukuta mweupe. "Nipigeni mimi," alisema. "Uso huu hauna hakimiliki." Binti yao alicheka hata simu ikamtikisika mkononi, ndiyo maana picha ina ukungu kidogo upande wa sikio.

Sasa mwenye uso amezikwa, na duka bado linamwonyesha akicheka. Wateja hupandisha picha zao za mwaka mzima, kisha baadhi husahau kabisa kubadilisha jalada. Binti, ambaye ndiye hukagua oda kabla hazijachapwa, alishamwomba baba yake mara nyingi waiondoe picha ile. Mzee hakutaka hata kusikia. Kwake, mkewe alikuwa bado kazini, amekaa mlangoni akikaribisha watu. Nani amfukuze mlangoni pake mwenyewe? Kila asubuhi alifungua duka la mtandaoni kabla hajafungua dirisha.

Leo binti alikuwa ametoka kupeleka mzigo, naye mzee akaichapa oda mwenyewe bila kuikagua. Aliiacha mashine mpaka ikamaliza yenyewe.

Binti aliporudi alikuta rundo la majalada mezani, na baba yake ameketi kando kama mgeni asiyejua aage vipi. Hakugomba. Alisema watamwomba mteja radhi, wachape upya, na karatasi hizi zikatwe ziwe vijitabu vya kuandikia, kama mama alivyozoea, maana mama hakuwahi kutupa karatasi.

Mzee akaweka kiganja juu ya rundo. "Hizi hazikatwi."

"Haya, baba. Hazikatwi." Alivuta kiti, akakaa. "Lakini unajua nikiwapigia wateja waliosahau jalada huniuliza nini? Huniuliza yule mama ni nani."

"Nawe huwajibuje?"

"Nawaambia ni mfano tu."

Aliyasema kwa ile sauti yake ya kuzungumza na wateja. Mzee aliumia kama aliyepigwa. Waliokuja kumpa pole aliwajibu kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti, akaukumbatia msiba kama mali ya mtu mmoja. Kumbe muda wote huo mtoto wake alikuwa akimkana mama yake kwa simu, kwa adabu, ili kazi iendelee.

"Nionyeshe pa kubonyeza, mwanangu."

Alibonyeza mwenyewe. Uso ukatoweka, kikabaki kisanduku cha kijivu chenye maneno: Weka picha yako hapa. Walikitazama wote wawili, wakalia bila kuoneana haya.

Alasiri oda ilikuwa ikichapwa upya, safari hii jalada likiwa na bibi wa watu aliyezungukwa na wajukuu. Simu ikalia. Binti alikuwa ameshika karatasi mikono yote miwili, hivyo akaipokea ikiwa palepale mezani, kwa spika, wote wawili wakasikia. Aliyepiga alikuwa mteja wao wa siku nyingi, anayeagiza kalenda kila mwaka. Alisema ameingia dukani kwao mtandaoni sasa hivi, na yule mama anayecheka haonekani. Yuko wapi siku hizi? Alikuwa amemzoea.

Binti alimtazama baba yake. Baba akaitikia kwa kichwa.

"Yule alikuwa mama yangu," akaanza, lakini mashine ilikuwa ikinguruma, na mteja akauliza, "Unasema?"

Mzee akanyoosha mkono, akaizima mashine.