Kwenda Rangini

Jumapili saa nne asubuhi, Bi Fathima Machano alisimama mwanzoni mwa gati la starehe la Durban, akausoma ubao wa historia wote. Ubao ulieleza kwamba gati lina urefu wa mita mia mbili thelathini na moja, kwamba zamani bendi ilipiga hapo kila Jumamosi, na kwamba aiskrimu yake ilisifika mpaka Johannesburg. Haukutaja ubao mwingine uliokuwapo hapohapo utotoni mwake, ule uliosema gati ni la Wazungu peke yao. Bi Fathima alimaliza kusoma, akafuta miwani.

Alikuwa na miaka themanini na moja, na safari yake ilikuwa na sababu moja. Baba yake, Mzanzibari wa mtaa wa Bluff kabla serikali haijawahamishia Chatsworth, mtaa uliotengwa kwa Wahindi, alipaka rangi vyuma vya kuegemea vya gati hilo kwa miaka ishirini na mitatu. Kila mwaka alianzia ufukweni baada ya Pasaka, akafika mwisho Septemba, na kufikia hapo chumvi ilikuwa imeshakula kule alikoanzia. Binti yake alipozaliwa, alichora jina lake kwa msumari chini ya chuma cha mwisho kabisa, mahali ambapo bwana mkubwa asingeinama kuangalia. Bi Fathima alitaka kuligusa jina hilo kabla hajafa.

Aliyemsindikiza ni Athanase, Mkongo wa Bukavu, fundi simu wa soko la Warwick. Alipomtengenezea simu waligundua kwamba lugha yao ni moja, au karibu moja. Bi Fathima alimwambia amwite bibi. Lakini kwa Athanase bibi ni mke, na mke anaye tayari, Huguette, ambaye hana mchezo na mambo hayo. Basi akamwita koko, kama alivyomwita nyanya yake kwao.

Walianza kutembea. Baada ya saa nzima mwisho wa gati ulikuwa bado mbele yao, umbali uleule. Athanase akaenda peke yake, akarudi baada ya dakika tano.

"Koko, mi nimefika. Mwisho iko, nimegusa. Ni tukienda na wewe ndiyo haifikike."

"Basi ni mimi," alisema Bi Fathima.

Mlinzi wa gati, aliyekuwa akinywa chai, alithibitisha. Gati hurefuka chini ya baadhi ya wazee, alisema, wa Chatsworth na wa Umlazi hasa, mitaa ya wasio Wazungu. Mwezi uliopita babu mmoja alitembea siku mbili, ikabidi wampelekee chakula. Ofisi ya manispaa ilikwisha kuandikiwa, nayo ikajibu kwamba ubao wa Wazungu uliondolewa zamani, hivyo hakuna kilichobaki cha kuondoa.

Kurudi kulichukua dakika tatu. Walikaa ukutani, wakala chipsi, na Bi Fathima akalia kidogo.

"Sasa papa yako alikuwa anafika aje?" aliuliza Athanase.

"Baba hakuwa akienda gatini, mwanangu. Nyumbani hatukusema hivyo hata siku moja. Alikuwa akienda rangini."

Athanase aliacha kutafuna. "Rangini," alirudia. "Koko, ungoje hapa."

Alirudi na kopo la rangi nyeupe na brashi ya inchi tatu. Bi Fathima alielewa mara moja, akaishika brashi. Gatini hapakuwa na nafasi ya watu wa rangi, ila kwa aliyekuja na rangi. Walifika mwisho kwa dakika sita, na hizo zilikuwa nyingi kwa sababu ya magoti yake.

Aliinama, akapapasa chini ya chuma, akasoma kwa kidole, herufi moja baada ya nyingine.

"FATUMA," alisema. "Mimi ni Fatuma. Fathima ni jina aliloniandika karani wa Chatsworth, alidhani mimi ni Mhindi."

Furaha ilimzidi, akaweka brashi chini ili ashike kwa mikono miwili. Gati likamrudisha mpaka mwanzoni, kwenye kibanda cha aiskrimu. Athanase alimfuata na brashi, wakaenda tena.

Siku hizi Bi Fathima huja kila Jumapili. Hukaa mwisho kabisa, brashi mkono wa kulia, mkono wa kushoto chini ya chuma, akitazama bahari na kumsimulia Athanase habari za Bluff. Ana furaha, na furaha yake ni ya kweli. Brashi ikianza kukauka, sakafu husogea chini ya viatu vyake, kwa hiyo huchovya, akapaka kidogo. Mlinzi amemwambia asisahau upande wa ndani.

Jumapili iliyopita alikuja Mzungu mvuvi wa ndoano kutoka Morningside, mtu wa adabu, akiwa na fimbo yake ya kuvulia na kiti cha kukunja. Aligusa chuma, akatazama weupe kwenye kidole chake.

"Auntie, unamaliza saa ngapi? Nataka kuegemea."

"Bado kidogo, mwanangu," alisema Bi Fatuma, akasogeza kopo ili mgeni apate pa kukaa.