Safu ya Pili

Mtaa wa ngazi ulihesabiwa ukaonekana hauna watu. Aliyeuhesabu ni Fundi, mzaliwa wa mtaa huohuo, kwa mkono wake mwenyewe.

Fundi alichonga funguo. Karakana yake ilikuwa pale ngazi zinapopinda, chumba cha hatua nne kwa tatu, na ukutani alikuwa amepigilia misumari arobaini na moja. Kila msumari ulibeba ufunguo wa akiba wa nyumba moja. Mtu akijifungia nje, au mzee akianguka ndani na mlango umefungwa, watu walikimbilia ukuta ule. Nyumba zilikuwa mali ya halmashauri, wao wakiwa wapangaji, baba kwa mwana. Vibao vya namba viling'oka zamani na Fundi hakuvihitaji. Aliijua milango yote kwa meno ya funguo zake.

Mdogo wake aliitwa Msomi, na jina halikuwa la kejeli. Baba yao alipofariki ilibidi mmoja aache shule. Fundi, akiwa darasa la sita, aliacha akashika tupa ya kuchongea funguo, na tupa hiyo ndiyo iliyompeleka mdogo wake hadi chuo. Miaka kumi na tisa Msomi alilala kwenye chumba kidogo juu ya karakana. Sasa alifanya kazi halmashauri, kwenye mradi wa kufufua mitaa ya kale. Asubuhi moja alikuja shati limenyooka, fomu kwapani.

“Kaka, safari hii hatutaki wataalamu wa kuletwa. Mradi unaitwa Watu Kwanza. Tunataka mtu wa hapahapa atuhesabie. Wageni wanaokuja kutembea wanapita wapi, wanasimama wapi, kwa muda gani.”

“Nikishahesabu?”

“Mtaa utatengenezwa kwa kuwafuata watu. Penye watu hapaguswi bila kuulizwa.”

Mama Cherehani, mshonaji wa ghorofa ya juu, alikuwa mlangoni akisubiri kufuli lake. “Watu Kwanza, sawa mwanangu. Na wa pili ni nani?”

Wakacheka. Msomi alicheka kuliko wote.

Fundi alihesabu miezi mitatu kama mtoto aliye kwenye chumba cha mtihani. Alichora mistari ya chaki kwenye ubao, jioni akaihamishia kwenye fomu. Akaona mambo ambayo hakuwahi kuyaona kwa miaka hamsini. Mgeni mwenye ramani hatazami juu. Mgeni aliyepotea ndiye anayenunua kitu, kwa aibu ya kuuliza njia. Wakija kundi, wote hupiga picha kile alichopiga wa kwanza, hata kama ni shuka la Mama Cherehani linalochuruzika maji. Wanakaa kwenye vizingiti vya watu kama viti vya kukodi, na mwenye nyumba akitaka kutoka ndiye anayeomba radhi. Lakini mbele ya ukuta wa funguo walisimama kimya. Hapo ndipo waliposimama muda mrefu kuliko pengine popote. Fundi aliliandika hilo kwa herufi kubwa, na moyoni alijiona amefaulu.

Fomu ilikuwa na safu mbili: Wageni, Wenyeji. Ya pili hakuigusa. Mama yao alikuwa mkali kwa mtu wa kuhesabu watu wa nyumbani. “Wanangu ni kuku?” ndivyo alivyokuwa akiuliza. Na kweli, Fundi hakuona vipi atamchorea Mama Cherehani mstari kila anaposhuka bombani. Huyo si wa kuhesabiwa, yupo tu. Hata hivyo alimwuliza mdogo wake.

“Hii ya wenyeji niiache hivi?”

“Iache tu, kaka. Nitaijaza mimi. Kwani kuna nisiyemjua hapa?”

Matokeo yalisomwa kwenye ukumbi wa shule, saa nne asubuhi. Msomi alisimama mbele na fimbo, picha za mtaa zikipita ukutani nyuma yake.

“Kwenye ukuta wa funguo wageni husimama dakika nne na nusu,” alisema. Watu wakapiga makofi. Mama Cherehani akampiga Fundi kikumbo. “Umekuwa nyota wewe! Usitusahau.”

Kisha fimbo ikahamia safu ya pili.

“Wenyeji wanaotumia mtaa mchana: sifuri.”

Mtu alicheka, akidhani ni mzaha. Msomi hakucheka. Alisoma moja kwa moja, jicho kwenye karatasi. Kwa kuwa mtaa ni wa wapitaji, nyumba zitakarabatiwa ziwe za kulaza wageni. Wapangaji watapewa vyumba kwenye majengo mapya, mwisho wa barabara kuu. Karakana ya funguo, kwa thamani yake, itahifadhiwa kama ilivyo.

Fundi alimkuta nyuma ya ukumbi akikunja nyaya.

“Umesema sifuri.”

“Safu ilikuja tupu, kaka. Siwezi kutunga takwimu.”

“Uliniambia utaijaza.”

“Nilikuwa na mengi.”

“Mengi, au cheo?” Karatasi ya mwisho iliyoonyeshwa ukutani, yenye orodha ya vyeo, Fundi aliiona kama wengine wote. Msimamizi wa nyumba za wageni alikuwa Msomi. “Nimekuuliza kwa mdomo wangu. Umelala pale juu miaka kumi na tisa. Wewe nawe ulikuwa sifuri?”

Msomi aliendelea kukunja waya ambao ulikwisha kukunjwa. “Wewe nimekutetea. Wote wanaondoka, lakini karakana yako imehifadhiwa.”

“Na mimi?”

“Kama ilivyo. Ukuta, meza, tupa, kila kitu.”

“Nimeuliza, na mimi?”

Mdogo mtu akatazama viatu vyake. Hapo Fundi akaelewa neno kuhifadhi lina maana gani.

Kesho yake aliketi kwenye ngazi tangu jua linapochomoza hadi adhuhuri, akahesabu watu wa nyumbani kwa mara ya kwanza. Mstari wa kwanza ulikuwa wa Mama Cherehani na ndoo yake. Mistari ilifika mia tatu na kumi na miwili. Akaipeleka halmashauri.

“Haina mhuri, mzee,” alisema karani. “Na hesabu imefungwa.”

“Nifungulie basi. Mimi ni fundi wa kufuli, najua kinachofungwa hufunguka.”

Karani alitabasamu kidogo, akamrudishia karatasi.

Ndipo watu wakaanza kuja kuchukua funguo zao. Wengine hawakusalimu. Kinyozi alisema, “Ulijua kuhesabu wageni, sisi ukatuona moshi,” akachukua wake akaondoka. Fundi hakujitetea. Aseme nini? Kwamba amedanganywa na mtoto aliyemlea? Hilo lingekuwa aibu ya pili.

Mama Cherehani alikuja wa mwisho. Alikaa kwenye kigoda kama siku zote.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” alisema. “Nguo nazishona mimi, na mdudu sikumwona. Basi usijile peke yako, baba.” Kisha akasimama. “Lakini ungeuliza mtaa mzima, si yeye tu.”

Fundi akautoa ufunguo wake msumarini, akampa.

Karakana iko palepale, na mbele yake kuna kioo. Funguo zilizo ukutani zimechongwa na mtu mwingine, zote kwa mfano mmoja, na hazifungui chochote. Wageni bado wanasimama. Safari moja Fundi alipita, akawapimia kwa saa yake. Walikaa dakika mbili.

Hesabu ndiyo hii, na safu zote zimejazwa. Nyumba arobaini na moja, zilizobaki na wapangaji wake ni sita, nazo ni kwa kuwa ni mbovu mno kukarabatika. Watu mia mbili na sita wamehama. Cherehani moja imevunjika shingo ikishushwa kwenye ngazi, na mwenyewe hashoni tena. Fundi mmoja ana meza kwenye majengo mapya, ambako milango yote ilikuja na kufuli zake kutoka kiwandani, na kwa wiki huchonga funguo mbili, wiki nyingine hakuna. Mdogo mtu mmoja amepiga simu mara tatu, na mara zote tatu haikupokelewa.

Na ufunguo mmoja ambao hakuna aliyekuja kuuchukua. Ni wa chumba kile cha juu ya karakana. Fundi anao mfukoni.