Mbuzi wa Karatasi

Siku zetu sisi tulipimwa kwa sikio. Unapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa. Ukigusa sikio la kushoto, basi akili imefika, ingia darasani. Mimi mikono yangu ni mifupi mpaka leo. Padre alinirudisha nyumbani miaka mitatu mfululizo, na wenzangu wenye mikono kama ya nyani wakaingia kusoma. Ndiyo maana shule yangu ni ya vipande: mwaka mmoja hapa, muhula mmoja pale, halafu ngumbaru, shule ya watu wazima, nikiwa na mvi, huko Kangeta nilikokuwa nikifunga miraa.

Kwa hiyo Mwalimu Lorna alipofika Kiritiri na vikombe vyake na karatasi zake, Novemba ya mwaka wa tisini na sita, sikumcheka kama wengine. Nilijisemea, afadhali. Angalau huyu hapimi mikono.

Alikuwa msichana wa Githongo, huko Meru, ametoka chuoni juzi tu, viatu bado vina rangi. Alitumwa kupima watoto wa nasari kabla hawajaingia darasa la kwanza. Vipimo vilikuwa viwili, cha maji na cha kuhesabu. Mtoto akishindwa kimoja, anasamehewa. Akishindwa vyote viwili, anaandikiwa barua ya kwenda shule maalumu ya bweni, huko juu kwenye baridi, mbali na kwao.

Kimbeere, lugha yetu ya Kiritiri, hakukijua, na watoto wetu wengi Kiswahili walikuwa hawajakifikia. Alinisikia sokoni nikitaniana kwa Kimeru na mama wa ndizi, akanishika shati. "Mzee, wewe ni mtu wa wapi?"

"Wa kila mahali nilipofukuzwa," nikamwambia.

Akacheka, akaniajiri kuwa mkalimani. Sharti lake lilikuwa moja. "Neno kwa neno, Mzee Nthiga. Usiongeze, usipunguze, usimsaidie mtoto."

Tukiwa tunapanga viti alinieleza aliyofundishwa. Akili ya mtoto, alisema, inapanda ngazi. Chini kabisa mtoto anaamini macho yake tu. Akipanda, anaanza kushika kitu kichwani hata macho yakimdanganya. Huwezi kumbeba umrushe kipandio. Anapanda mwenyewe, na kila mtoto duniani anapitia ngazi ileile.

"Na mimi niko kipandio cha ngapi?"

"Wewe ulirukaruka, Mzee. Wewe tukuache."

Kaari aliingia wa nne au wa tano. Miaka saba, miguu imejaa vumbi, gauni la kijani lililoshonwa upya begani. Nilimjua. Anaishi na nyanyake, Cicily, ng'ambo ya korongo. Macho ya Cicily yameingia ukungu, kwa hiyo Kaari ndiye macho ya boma. Ndiye anayempeleka nyanya choo, ndiye anayeona ugali umeiva, ndiye anayejua mbuzi yupi amekwenda wapi.

Lorna alimimina maji kwenye vikombe viwili vinavyofanana, vipana. Kaari akakubali kwamba ni sawa. Halafu Lorna akachukua kikombe kimoja, akamimina maji yake kwenye chupa nyembamba, ndefu. "Muulize, sasa maji ni sawa au kuna palipo na mengi?"

Nikauliza. Kaari akasema, "Ya chupa yamepungua."

Nikatafsiri. Lorna akaweka alama ya kukosa. Wengine walikuwa wamesema ya chupa yameongezeka. Huyu wa kupungua alimshangaza, lakini kukosa ni kukosa.

Mtoto akaninong'oneza, akiniita babu kwa lugha yetu, "Guka, si mengine yamebaki kwenye kikombe?" Nikachungulia. Kweli, tone limeshikilia chini, na ukuta wa kikombe umelowa. Mwaka ule tulichota maji kwa kuchimba mchanga wa mto na kungoja yajikusanye, kata moja kwa nusu saa. Mtoto wa pale anajua maji hayahami chombo bila kuacha kodi njiani. Nikamwambia Lorna. Akainamisha kikombe, akaona, akatabasamu kwa huruma.

"Ana macho mazuri. Lakini swali halikuwa hilo, Mzee."

Basi kikabaki cha kuhesabu. Huko milimani walitumia machungwa ya kuchora. Lorna, kwa wema wake, alisema watoto wa ukame wapewe kitu wanachokijua, akakaa akachora kwa mkono wake mwenyewe mbuzi tisa kwenye karatasi ngumu. Walichorwa vizuri. Hata ndevu walikuwa nazo.

Kaari alipowaona, uso ulifunguka. Akaweka kidole. "Huyu ana mimba. Huyu ni mkorofi, mwangalie shingo. Huyu mguu unamuuma."

"Mwambie awahesabu," Lorna akasema.

Nikamwambia. Kidole kikaondoka kwenye karatasi kana kwamba kimeungua.

"Ni wangapi?" Lorna akauliza mwenyewe, kwa Kiswahili, akionyesha.

"Wote wapo," Kaari akasema.

"Wangapi?"

"Wote."

Nami nilijua. Kwa Cicily mbuzi hahesabiwi, wala mtoto hahesabiwi. Ukimuuliza ana wajukuu wangapi anakuambia ni wa Mungu. Watu wengi wa sokoni wameshaacha hayo, na watoto wao walikuwa wamehesabu mbuzi wa Lorna kama wanaimba. Lakini Kaari alikuwa na ushahidi wake. Kiangazi kilichopita afisa wa mifugo alisimama mlangoni mwa zizi lao, akawanyooshea mbuzi kidole, moja, mbili, tatu, kwa sauti. Mwezi haukuisha, homa ya mapafu ikaingia. Kaari aliwavuta waliokufa kwa mikono yake mwenyewe, hadi kwenye shimo.

Aliniangalia. "Guka, anataka wafe?"

"Anasemaje?" Lorna akauliza.

Neno kwa neno, tulikubaliana. Nikatafsiri neno kwa neno, halafu nikavunja sharti nikaeleza na mengine. Lorna aliweka kalamu chini. "Hata nyanya yangu alikuwa hivyo na ng'ombe," akasema polepole. "Nilikuwa nimesahau. Kabisa."

"Basi mpe maharagwe ahesabu. Anaweza, nakuapia. Nimemwona akicheza na vifuniko vya soda."

"Nikimpa maharagwe, nimempima kwa kipimo kingine. Karatasi inasema watoto wote wa shule moja wapimwe kwa kitu kimoja." Aligeuza fomu huku na huku kama aliyepoteza sindano ndani yake. "Kuna nafasi ya kujaribu mara ya pili. Keshokutwa. Na msimamizi wangu atakuwepo. Mwandae."

Nikavuka korongo. Cicily alikuwa ameketi kwenye gunia, anapukuchua mtama kwa vidole.

"Nani huyo anavuta miguu kama punda?"

"Ni Nthiga, mama."

"Aa. Asiye na hata kuku."

Nilimweleza yote: barua, bweni, baridi. Nikamwambia wale si mbuzi, ni wino.

"Wewe huna zizi, utaniambia nini mimi juu ya mbuzi?" Akapukuchua kidogo. "Unataka nimwambie mtoto kwamba neno langu linafanya kazi hapa nyumbani, shuleni halifanyi? Atajuaje kesho ni lipi la kweli?"

Nikamwambia tu kwamba wakimchukua, hatakuwa na macho.

Akaliweka suke chini. Halafu akasema, "Basi ahesabu. Kitu kikija, kije kwangu, kisimguse mtoto."

Siku ya kipimo cha pili Cicily alikuja mwenyewe, Kaari akimvuta kwa ncha ya fimbo. Msimamizi, Bwana Mbogo, mtu wa Embu mwenye suti ya kahawia, aliketi nyuma. Karatasi ya mbuzi ikatolewa. Kaari akaweka mikono mgongoni. Lorna akauliza, nikatafsiri. Mikono ikabaki huko.

Kutoka mlangoni Cicily akasema, kwa lugha yetu, "Wahesabu, mama. Nimekuruhusu."

Mtoto aligeuka akamtazama. Alitazama kwa muda, kama mtu aliyeitwa na sauti anayoijua kutoka upande asioutarajia. Kisha akaanza. Alihesabu kwa Kimbeere, kidole kikigusa kila mgongo, machozi yakidondoka kwenye wino. Hakuruka hata mmoja. Alipofika tisa, akafunika karatasi kwa kiganja.

"Tisa!" nikasema, kwa sauti kubwa kuliko mkalimani.

Lorna alikuwa tayari ameshika kalamu. Bwana Mbogo akakohoa.

"Mwalimu, yule mama amesema nini?"

Lorna akaniangalia. Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshafungua mdomo ili nidanganye.

"Usijisumbue, Mzee," Mbogo akasema. "Nimesikia. Kimbeere na Kiembu ni nyumba moja." Hakuwa mkali. "Mtoto ameelekezwa na mtu wa nyumbani ndani ya chumba. Kipimo kimeharibika. Mara ya tatu haipo."

"Lakini amehesabu," nikasema. "Umemsikia."

"Nimemsikia."

"Na unajua kwa nini alikataa."

"Najua. Mimi pia nililelewa hivyo, na nikahesabu, nikasoma." Akakunja miwani. "Nikimwandikia huyu kwamba amepita, nitawaandikia nini wale kumi na wawili niliowakataa jana, ambao kila mmoja alikuwa na mama mlangoni?"

Lorna aliandika. Baadaye, nje, aliniambia labda shule ile ni nzuri, ina maziwa asubuhi. Nikamwambia ndiyo, labda. Alikuwa analia, maana ngazi ilikuwa yake, nami nilikuwa nimeishika tu ikipandwa.

Jioni niliwasindikiza. Barua ilikuwa mfukoni mwangu kwa sababu Cicily hakutaka kuigusa. Mwezi wa kwanza gari lingekuja. Mbuzi walikuwa wanarudi kutoka kichakani wakiwa wenyewe, tumbo tupu. Cicily aliketi mlangoni mwa zizi kama kila jioni. Nilikuwa nimeshaona jinsi wanavyofanya: Kaari anasimama, anawatupia jicho mara moja tu, kama unavyotazama uso wa mtu ukajua amenyoa, na anajua nani hayupo.

"Wote wapo?" Cicily akauliza.

Midomo ya Kaari ilikuwa inatembea. Akafumba macho, akayafumbua, akaanza upya. Akaingia zizini akawashika mmoja mmoja masikio, huyu, na huyu, na huyu, akatoka.

"Guka," akaninong'oneza, "nimejaribu kuwaona kama zamani. Namba inakuja yenyewe. Siwezi kuizuia."

"Itatulia," nikasema. Sijui kama hutulia. Hakuna aliyewahi kunifundisha jinsi ya kumteremsha mtoto ngazi.

"Mama, wote wapo?" nyanya akauliza tena, shingo imeinuka, macho meupe yakitafuta.

Mtoto alijibana kwenye mguu wangu, mkono mdomoni, asije akaitoa ile namba kwa sauti.

"Wote wapo," nikasema mimi, nisiyemjua hata mbuzi mmoja kwa jina.