Kipanya cha Maziwa cha Shemeji Devota

Mimi si mtu wa kusifia ovyo. Miaka ishirini na miwili ya useremala hapa Magomeni, Kilosa, imenizoesha kukagua kona kwanza, maana ndiko mafundi wanakofichia uzembe wao. Kwa hiyo nikisema shemeji yangu Devota ni mwanamke wa shoka, mjue nimekwisha kumkagua kona zote.

Kaka yangu Gerald alipoumia mgongo, kipanya chake cha abiria kilibaki uani, kuku wakawa wanatagia chini ya usukani. Devota, mkewe, akawafukuza kuku, akang'oa viti, akaanza kubeba maziwa. Asubuhi anayachukua Tindiga kwa akina mama wa kifugaji na kuyapeleka Mikumi, kwenye jiko la hoteli moja. Tatizo lilikuwa joto. Hata akizungushia keni chupa za barafu, jua likipanda, bati la gari linageuka kikaango. Mara mbili Elikana, mpishi mkuu wa hoteli, alitumbukiza kipimajoto, akatikisa kichwa, akayakataa maziwa yote. Mara ya pili akamwambia, "Dada Devota, yakizidi nyuzi kumi tena, natafuta mtu mwingine."

Kesho yake shemeji alikuja kwangu na kiroba cha maganda ya mpunga kichwani.

"Shem, haya yamejaa kwenye mashine za Tindiga, wanayachoma tu. Jana asubuhi nimefukia chupa ya barafu humu, jioni nimeikuta bado ina barafu. Nataka univalishie gari kwa ndani."

Nikamtania kwamba kuku wakisikia habari hiyo watarudi mbio. Lakini moyoni nilimvulia kofia. Nikapiga plaiwudi kuta zote, nikaacha nafasi ya vidole vinne kati yake na bati, nikamwaga maganda kutoka juu mpaka pakajaa. Darini nikabandika godoro kuukuu la sponji. Kila mwanya nikauziba kwa silikoni.

"Kesho maziwa," nikasema, kifua mbele.

"Kesho maji," akajibu Devota. "Nimebakiwa na nafasi moja tu, siichezei."

"Tunapeleka maji Mikumi? Twiga wamelalamika kiu?"

Hakucheka. Tukajaza keni maji, tukapanga barafu kama kawaida, akaendesha mwenyewe. Tulipofika Mikumi kipimajoto kilisoma nyuzi kumi na nane. Nikasema kipimajoto ni kibovu. Yeye akaingia nyuma, akaweka kiganja ukutani, chini kulikuwa baridi. Akakipandisha polepole. Usawa wa kifua akautoa mkono haraka, maana palikuwa panachoma. Akagonga kwa vidole, huko juu kukalia kama debe tupu.

Maganda yalikuwa yameshuka kwa mtikisiko wa barabara. Kila muuza mchele anatikisa debe ili mchele ushuke, uingie zaidi, na mimi nimenunua mchele maisha yangu yote. Niliona aibu, kwa hiyo nikawa mkali.

"Tutaongeza mengine!"

"Yatashuka tena," alisema Devota, bila kunilaumu hata kidogo.

Tukirudi tulisimama Tindiga kwa Nalangu, mkubwa wa wale akina mama wa maziwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akachungulia ndani ya gari na kugonga ukuta kama alivyogonga Devota.

"Nani kajenga nyumba hii?"

"Mimi, mama."

Akacheka mpaka shanga zake zikalia. "Mwanaume? Basi ndiyo maana!"

Kwao nyumba hujengwa na wanawake, nalijua hilo. Hata hivyo nilikasirika, sifichi. Nalangu hakujali hasira zangu. Alinishika mkono, akanipeleka kwenye ukuta wa nyumba yake aliokuwa akiukarabati. Fito zilisimama, nyingine zikalala, zimefungwa kwa kamba, na kila kitundu kimeshindiliwa udongo na samadi kwa ngumi.

"Ukimwaga udongo kutoka juu, wote unakwenda kukaa chini," alisema. "Kila tundu ulilishe peke yake."

Devota aliukodolea macho ukuta ule. "Mifuko," akasema. "Mifuko midogo midogo, kila mmoja kwenye ufito wake."

Kesho yake Nalangu akaja Magomeni. Mimi nilibomoa plaiwudi yangu nzuri, nikapigilia fito za kulala kuanzia sakafuni hadi darini. Devota alikaa kwenye cherehani akikata viroba vya unga na kushona mifuko myembamba. Nalangu akaijaza maganda, anashindilia kwa ngumi mpaka mfuko unakuwa mgumu. Kazi ya kufunga mifuko kwenye fito walinipa mimi, na Nalangu alifungua mafundo yangu mara mbili, akayafunga upya. Sijawahi kuona watu wawili wanaoelewana kazini kwa macho tu namna ile.

Tulibeba maji tena. Kipimajoto kikasoma nyuzi nane. Siku iliyofuata tukabeba maziwa, na Nalangu akapanda kiti cha mbele, aone maziwa yake yanafikia wapi.

Elikana alitumbukiza kipimajoto. Devota alikuwa ameshika mlango wa gari kwa mikono miwili.

"Tisa," alisema mpishi. Akafungua keni nyingine. "Nane. Kesho leteni tena, na kila siku."

Devota alikaa chini palepale kwenye changarawe, akajifuta macho kwa khanga. Elikana akapanda ndani ya gari, akapapasa kuta juu mpaka chini, akakagua kona zote. Nikampenda ghafla.

"Kazi safi hii. Fundi nani?"

Nilikwisha kukohoa na kuweka kola sawa. Devota alinitazama tu, akaniachia nijibu mwenyewe.

"Yule pale mbele," nikasema. "Mimi ni saidia fundi wake."

Nalangu akatoa kichwa dirishani. "Na kufunga fundo bado hajui."