Kiti cha Msailiwa

Kwa miaka kumi na mmoja Jovilyn Faulan alikaa hatua tatu tu kutoka kwa Wakili Encarnacion Sobrevega, na katika miaka yote hiyo hawakuwahi kusalimiana zaidi ya kutikisiana kichwa. Jovilyn alikuwa mwandishi wa hatimkato katika mahakama moja ya mji wa Iloilo. Kazi yake ilikuwa kuinama na kuandika kila linalosemwa. Wakili Sobrevega yeye alikuwa mkuu wa mawakili wa umma, wale wanaowatetea watu wasio na uwezo wa kujitafutia wakili, na akisimama kuhoji shahidi hata polisi wa mlangoni waliacha kusinzia. Waandishi wenzake Jovilyn walimlaani yule mama kwa kasi ya ulimi wake. Jovilyn alimhusudu. Akirudi nyumbani aliyachapa maneno yake huku akiyasema kwa sauti, akiiga hata anavyokohoa kabla ya swali kubwa. Ni maneno hayo yaliyompeleka kusoma sheria jioni, miaka minane mizima, hadi akafaulu mtihani wa uwakili akiwa na miaka arobaini na moja.

Mama yake kule kwao Miagao alitundika bango langoni, picha ya binti yake ikiwa kubwa kuliko mlango wa nyumba, kama wanavyofanya watu wote wenye mtoto aliyefaulu. Aliposikia kuna nafasi moja ya wakili wa umma kwa Wakili Sobrevega, akaagiza bango la pili kabla hata ya usaili.

"Mama, bado sijaipata!"

"Utaipata. Kuna nani mwingine anayemjua yule mama kama wewe?"

Hilo hasa ndilo lililomtia Jovilyn hofu. Alimjua mno. Asubuhi ya usaili alikunywa kahawa nusu kikombe, akaziacha sahanini biskocho, vile vipande vya mkate mkavu wa siagi, akaenda kusubiri kuitwa ndani.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Kushoto Bi. Caspe wa utumishi, mwenye karatasi za alama. Kulia Wakili Hortillosa, naibu mkuu, mnene, mcheshi. Katikati yule yule, nywele nyeupe zimefungwa nyuma, miwani imeshuka puani. Jovilyn hakuwahi kumtazama kwa mbele. Mahakamani alimwona ubavuni tu, sikio na mkono unaopepea. Sasa macho yale yalikuwa yakimtazama yeye, na alijisikia mdogo, na alifurahi kujisikia mdogo.

"Faulan," Hortillosa akasoma, akacheka. "Mtu wa Miagao huyu, hata anuani sina haja nayo! Nyie kwenu majina ya ukoo yote yanaanza na F au N. Mwalimu akiita majina darasani si analala njiani?"

"Analala, bwana. Nasi tunatoroka."

Bi. Caspe alicheka. Wakili Sobrevega hakucheka, lakini alisukuma miwani juu. Hortillosa akaanza na maswali ya sheria: kukamatwa bila hati, dhamana, haki ya mtuhumiwa kunyamaza. Jovilyn aliyajibu moja baada ya jingine, sauti ikizidi kutulia, na aliona kalamu ya Bi. Caspe ikiandika alama nzuri. Nafasi ilikuwa inamjia. Aliiona kabisa, meza yake, jalada lake la kwanza, yeye akisimama na kukohoa kabla ya swali kubwa.

Ndipo mama yule akafungua kinywa.

"Nitajie kosa la wakili wa umma uliloliona kwa macho yako mahakamani. Sitaki la vitabuni, Inday."

Inday! Alimwita kama shangazi anavyomwita binti wa nyumbani. Jovilyn alikuwa na jibu la kujihami, amelifanyia mazoezi wiki nzima, habari ya wakili fulani aliyesahau jalada nyumbani. Mtu mwenye akili zake angelitoa hilo, akashukuru, akaenda zake. Alilifungulia mdomo. Lakini hakuweza kumdanganya mtu huyu. Mtu mwingine yeyote angeweza, huyu hapana.

"Kesi ya Ruperto Gasapo," akasema. "Ya wizi wa nyati wa kulimia. Miaka saba iliyopita."

Hortillosa aliacha kutabasamu. Kila mtu ofisini mle alijua nani aliisimamia kesi ile.

"Endelea," akasema Wakili Sobrevega.

"Ulimuuliza mwenye nyati, 'Alfajiri ile uliuona uso wake?' Akanyamaza. Alinyamaza sana, mama. Akatazama kandambili zake, akamtazama polisi aliyekaa nyuma, ndipo akasema ndiyo. Kwenye kumbukumbu za mahakama kuna swali lako na 'ndiyo' yake, basi. Anayesoma anadhani alijibu papo hapo. Mimi sina ruhusa ya kuchapa kimya mpaka wakili aombe kiingizwe kwenye kumbukumbu. Nilisubiri uombe. Siku zote unaomba. Siku ile uliinama ukafungua karatasi nyingine."

"Na wewe?"

"Na mimi nikanyamaza. Ningeweza kumnong'oneza karani. Nilijiambia si kazi yangu."

Jovilyn alihesabu vigae vya sakafuni, akijua ameshajichimbia shimo na kuingia.

"Siku ile nilikuwa na kesi sita," Wakili Sobrevega akasema polepole. "Miaka saba nimemlaumu jaji aliyemfunga Gasapo." Akavua miwani. "Daftari lako la hatimkato unalo?"

"Ninalo. Kimya kikizidi huwa nachora mstari, mazoea yangu tu. Pale mstari umevuka ukurasa."

"Rufaa ya Gasapo bado iko Manila. Daftari hilo na kiapo chako vinaweza kumrudisha nyumbani." Akaiweka miwani mezani. "Lakini nikikuajiri leo, kesho mwendesha mashtaka atasema nimekununua kwa cheo, na atakuwa na haki ya kusema hivyo. Kwa hiyo sikiliza. Alama zako naziona, nafasi ni yako. Ukiitaka naweka sahihi sasa hivi, na hakuna atakayekulaumu. Ukitaka kuwa shahidi, huingii ofisi hii kesi ikiwa hai. Pengine huingii kabisa."

"Manang Encar!" Hortillosa alishika kichwa, akimwita kama dada mkubwa. "Umefikiria? Kosa litakalosomwa kwenye hicho kiapo ni lako! Umebakiza miezi mitano kustaafu, watu wameshaanza kukuandalia sherehe!"

"Ndiyo maana nina haraka, Toto," akamjibu, kama anayemwita mdogo wake wa kiume.

Jovilyn alimtazama. Alidhani alimjua kwa kuyachapa maneno yake. Hakuwa amemjua. Mtu huyu alikuwa akijivua heshima ya miaka thelathini na minane mezani, mbele ya mgeni, bila hata kupandisha sauti.

Lakini nafasi nayo alikuwa akiitaka. Aliitaka sana. Nafasi kama ile ingeweza isitangazwe tena kwa miaka. Alimfikiria mama yake na bango lake. Kisha akamwona Ruperto Gasapo siku ya hukumu, akipitishwa na pingu mbele ya meza yake. Mtu yule alisimama, akainama kwa adabu akidhani mwandishi naye ni mkubwa fulani, akasema, "Ahsante, Inday, kwa kuyaandika yote." Ahsante ile ilikuwa haijamtoka rohoni hata siku moja.

"Niandikeni shahidi," Jovilyn akasema.

Bi. Caspe aliichukua karatasi ya alama, akaitazama, akaifunika.

Wakili Sobrevega akainuka. Akaizunguka meza akishikilia ukingo wake, maana magoti yalikuwa yakimsumbua, akavuta kiti cha pembeni, akakaa upande wa Jovilyn, uso ukiwaelekea wenzake wa jopo.

"Mimi nianze," akasema. "Binti huyu aseme peke yake halafu mimi nikae kule mbele nikimpa alama? Haiwezekani. Hortillosa, niapishe. Inday, mkono wako bado una kasi?"

"Bado, mama."

Bi. Caspe alimsukumia karatasi na kalamu. Hortillosa, macho yamemwiva, aliinua mkono wake, naye Wakili Sobrevega akainua wa kwake na kuapa.

"Jina lako kamili?" Hortillosa akauliza.

"Encarnacion Sobrevega, wakili wa Ruperto Gasapo." Mkono wa Jovilyn ulikuwa tayari unakimbia. "Nilikuwa na ombi moja la kutoa siku ile, la sentensi moja tu. Sikulitoa, na mtu wangu akafungwa."

Chozi la Jovilyn likadondokea neno la mwisho, wino ukatapakaa. Akaomba karatasi nyingine.