Herufi za Fundi

Mume wangu ni fundi cherehani. Mimi nilianza kujifunza kusoma nikiwa na wajukuu wawili, kwenye darasa la jioni. Siku nilipoweza kusoma bila kufuata mstari kwa kidole, nilimshukuru Mungu, nikaenda moja kwa moja dukani kwake na kufungua daftari la vipimo. Nilitaka kumshangaza. Nikashangaa mimi.

Kurasa za mwanzo zilisomeka: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Kadiri nilivyofunua, ndivyo herufi zilivyopungua ukubwa. Ukurasa wa jana ulikuwa msafara wa sisimizi.

Damu ikanichemka. Nimejua kusoma, naye ameanza kunificha!

"Baba watoto, umeandika nini hapa nisichotakiwa kukiona?"

"Vipimo vya mke wa mwokaji," akajibu bila hata kutabasamu. Siku hizo hakuwa akitabasamu kabisa. "Nimeandika kama siku zote. Au huko darasani mnafundishwa herufi kubwa tu, mwanafunzi?"

"Kama siku zote? Haya, soma."

Alilisogeza daftari karibu, akalipeleka mbali. Mwandiko wake mwenyewe ulimshinda.

Kesho yake tulikuwa hospitali. Daktari, binti wa umri wa kitindamimba wetu, alimwandikisha sentensi moja mara tano. Herufi za mara ya tano zilikuwa nusu ya zile za kwanza.

"Baba, harufu unasikia?"

"Juzi pasi iliunguza suruali mbele yangu. Jirani ndiye aliyekuja mbio."

Akasema ni ugonjwa wa Parkinson.

"Mbona hatetemeki?" nikamkatiza.

"Si wote wanaotetemeka, mama." Akaeleza kwamba seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia mwili kusogea, zinakufa, na kwa wengi chanzo hakijulikani. Mwili huwa mzito, na uso hukakamaa. Dawa haziponyi, ila hulegeza viungo, mradi azimeze kwa saa zilezile na afanye mazoezi.

Uso hukakamaa. Mwaka mzima nilikuwa nikipiga magoti kumwomba Mungu amwondolee mume wangu kiburi.

"Nitashona tena?" akauliza.

"Utashona. Polepole."

Jumatatu mke wa mwokaji alirudi kupimwa upya. Fundi alivuta futi, mimi nikashika kalamu.

"Kiuno, themanini na nne."

Nikaandika.

"Mwanafunzi, kwa herufi hizo daftari litaisha leo."

Uso wake haukucheza. Nikatazama mabega: yalikuwa yanacheka.